Maji ya Bomba Kabla ya Fainali

Walimu wa michezo wa wilaya yetu, hasa ninyi mlioajiriwa juzijuzi, mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikisuluhisha ugomvi kati ya wachezaji, wazazi na makocha. Nimestaafu, muda ninao, na mkono bado unashika kalamu. Vyeo vyangu havitawasaidia, na mishahara ya walimu mnaijua. Nitaandika kazi yenyewe. Kwa sehemu kubwa niliifanya vizuri, na sioni haya kusema hivyo. Kuna mahali niliifanya vibaya. Hapo nitakaa zaidi, maana ndipo penye faida kwenu.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda chuo cha ualimu, kisha nikapangiwa shule ya msingi kule Mloka kufundisha Historia na Kiswahili. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaona nimevaa raba, akafungua droo na kunipa filimbi. Usaili wangu wa ualimu wa michezo uliishia hapo. Filimbi yenyewe ilikuwa imepoteza kokwa yake ya ndani, ikilia kama ndege mwenye mafua, lakini niliivaa shingoni kwa fahari.

Ugomvi wa kwanza ulinifuata wiki ya pili. Tulikuwa mazoezini jioni, baba mmoja akaingia katikati ya uwanja na panga mkononi. Alikuwa anatoka shambani tu, lakini mimi mgeni nilijua siku zangu zimekwisha.

"Mwalimu," akasema, "huyu mwanangu kwako anacheza namba ngapi?"

"Namba nne, mzee."

"Basi kwangu ni namba moja. Nguruwe wako kwenye mahindi sasa hivi, na wewe umemweka hapa anafukuza ngozi ya mpira."

Wachezaji walicheka, na mimi nikapata nafasi ya kupumua. Kwa kweli alikuwa na haki. Wanyama wa pori linalopakana na Mloka huingia mashambani jioni, na jioni ndiyo niliyoipanga kwa mazoezi bila kumuuliza mtu. Tukakubaliana mazoezi yawe alfajiri kabla ya masomo, na Jumamosi timu nzima iende kuamia shamba lake ili aone kwamba mpira haukumpokonya mtoto. Tulifukuza nyani mpaka adhuhuri. Tembo walipojitokeza kwa mbali nilipuliza filimbi. Wazee wa Mloka wananitania mpaka leo kwamba nilitaka kuwaonyesha kadi nyekundu.

Kutoka Mloka nilihamishiwa Maparoni, huko delta. Nguzo za magoli zilikuwa za mikoko, mistari ya uwanja tuliichora kwa majivu ya jikoni, na mechi za ugenini zilipangwa kwa kutazama maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Huko ndiko nilikompata aliyenifundisha kazi hii, Mwalimu Mwanaidi, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliyefundisha netiboli akiwa amekaa kwenye kiti. Nilipofika, timu yake ilikuwa inakaribia kuvunjika kwa sababu ya sketi za michezo. Mama wa mchezaji mmoja alikuja juu.

"Mwanangu atoe mapaja nje mbele ya watu wazima? Mbele ya wajomba zake?"

Mimi nilikuwa tayari kumsomea kanuni za mashindano. Mwalimu Mwanaidi akanizuia kwa mkono.

"Mama, una cherehani nyumbani?"

"Ninayo."

"Basi tushonee wewe. Utakavyoona panafaa, sisi tutachezea."

Yule mama alishona suruali ndefu na mashati ya mikono mirefu kwa timu nzima, akaweka na ushungi wa rangi moja. Tangu siku hiyo hakukosa mechi hata moja, na mwamuzi aliyethubutu kulalamikia sare zile alijuta.

Njia ya Mwalimu Mwanaidi niliishika. Usimwite mzazi ofisini, mfuate kwake. Ofisini anakuja kama mshtakiwa. Mkikaa kikao, mchezaji aseme wa kwanza, mzazi afuate, kocha awe wa mwisho, kwa sababu kocha akishasema, mtoto hawezi tena kumpinga. Na usitoe uamuzi siku hiyohiyo kama hakuna anayevuja damu. Kwa njia hiyo nilimaliza magomvi mengi: nahodha aliyevuliwa unahodha kwa chuki, golikipa aliyepigwa na baba yake kwa kufungwa mabao, kocha aliyewapanga watoto wa ndugu zake tu. Nikapata jina. Watu wakaanza kuniita hata kwenye shule zisizokuwa zangu. Nadhani jina ndilo lililoniharibu, maana nilianza kuamini kwamba nikishaingia tu mlangoni, suluhu imeshapatikana.

Baadaye nilihamia Kibiti mjini, kwenye shule ambayo Mwalimu Mwanaidi alikuwa amekuja kuwa mwalimu mkuu. Mimi nikawa mwalimu wa Historia na msimamizi wa michezo yote. Netiboli tulifundishiwa na kijana wa bodaboda aitwaye Kassimu, ambaye dada zake watatu walikuwa wachezaji hodari na yeye akaujua mchezo kwa kuwabebea maji. Alijitolea, hakukosa siku hata moja, na watoto walimpenda. Alikuwa na jambo moja. Kabla ya mechi kubwa alikwenda kwa mganga, akaja na kidumu cha maji yenye dawa. Wasichana walijipanga nyuma ya madarasa, naye akawanyunyizia mmojammoja kwa tawi la mti ili mikono ya wapinzani ilegee. Timu nyingi zilifanya hivyo. Mimi nilikuwa nikienda kukagua upepo wa mipira wakati huo, ili nisione.

Mfungaji wetu alikuwa Somoe, mtoto wa darasa la saba, mrefu, mkimya, aliyekuwa akidaka mpira kwa mkono mmoja kama anayechuma embe. Baba yake, Mzee Mkumba, alikuwa mkulima. Ukoo wao ulitoka milima ya kusini, Umatumbini, ukahamia pembeni ya Kibiti. Mwaka ule tulifika fainali ya wilaya. Wateuzi wa timu ya mkoa wangekuwepo, na kila mtu alijua kwamba shule za bweni zilizotaka wachezaji zilikuwa zikichukua wasichana kutoka timu ya mkoa. Somoe alitaka kwenda huko. Sekondari ya karibu na kwao ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na wasichana wengi wa kitongoji chao waliishia njiani, mwaka wa kwanza au wa pili. Kwa kuwa alikuwa darasa la saba, hakuwa na mwaka mwingine wa kujaribu.

Ijumaa, siku moja kabla ya fainali, Kassimu alinijia mbio.

"Mwalimu, Somoe anazingua. Anasema kesho hanyunyiziwi."

"Mbona siku zote ananyunyiziwa?"

"Siku zote alikuwa anajificha chooni, mimi nilikuwa sijui! Sasa wenzake wamemsemea. Wanasema akiingia bila dawa ataivunja ya wote. Mimi simpangi, mwalimu. Bora nicheze na wa akiba."

Saa ile nilikuwa natafuta lori la kubebea wanafunzi, hati za usajili hazijagongwa mhuri, na mgeni rasmi alikuwa amebadilisha saa ya kufika. Nikatuma mtu amwite Mzee Mkumba ofisini. Alikuja na kanzu yake, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Somoe alisimama mlangoni. Nikamwambia Kassimu aeleze, akaeleza kwa kirefu. Nikamgeukia mzee.

"Kwetu hatunyunyiziwi maji ya kwendea kushindana," akasema. "Mwalimu, si ukaidi. Ni miiko ya nyumba yetu. Acheze hivihivi alivyo."

"Mzee, kwa hiyo shida ni hiyo dawa ya mganga?"

Alitaka kusema neno, simu yangu ikalia. Nilipomaliza kuongea nilikuwa nimeshapata suluhu, na niliiona nzuri sana.

"Mzee, nakuhakikishia kesho hakuna dawa. Nenda kwa amani."

Alinishukuru, akaniamini, akaondoka. Kisha nikamwambia Kassimu peke yake: asubuhi amwage kidumu cha mganga, ajaze maji ya bomba, anyunyizie timu nzima kama kawaida. Wasichana wengine wataamini wana dawa, mzee hataambiwa uongo, na Somoe atacheza. Nilimwita Somoe pembeni nikamnong'oneza: "Ni maji ya bomba tu, mwanangu. Matupu. Simama kwenye mstari, yaishe."

Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Akasema, "Ndiyo, mwalimu." Mimi nilikuwa mwalimu wake tangu darasa la tano, mlitaka aseme nini tena?

Jumamosi walinyunyiziwa palepale uwanjani, nyuma ya lori. Robo ya kwanza Somoe alicheza kama mtu anayetaka kumaliza haraka. Alifunga kila mpira uliomfikia. Mmoja wa wateuzi, mama mwenye kofia ya jua, aliacha kuandika akawa anatazama tu. Kabla ya robo ya pili kuanza, Mzee Mkumba alifika, amechelewa kwa sababu ya kazi za shamba. Akakuta watoto wawili wa mtaani wanamtania binti yake kutoka pembeni: "Somoe umelowa! Leo umekubali kuogeshwa!" Akamwangalia mwanawe. Shati lake lilikuwa bado na matone mabegani.

Hakupiga kelele. Aliingia uwanjani, akamshika mkono, akatoka naye. Mwamuzi alipuliza filimbi, watu wakazomea, Kassimu akashika kichwa. Tulishindwa mechi, na kushindwa kwenyewe ni jambo la kawaida. Hili linalofuata silo la kawaida. Baada ya mchezo yule mteuzi alinifuata.

"Mwalimu, yule mfungaji wenu aliyetolewa anaitwa nani? Nataka kumwandika."

Nilikuwa nimeaibika mbele ya wilaya nzima, na nilikuwa na hasira.

"Mwacheni huyo," nikasema. "Baba yake msumbufu. Mtapata taabu naye."

Akafunga daftari lake. Jumapili jioni wateuzi waliondoka na orodha yao. Mimi Jumapili hiyo nilikuwa nyumbani nikiandika taarifa ya kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri, kueleza jinsi mzazi mmoja alivyoiangusha shule.

Jumatatu nilimpelekea Mwalimu Mwanaidi ofisini kwake. Aliisoma yote, akavua miwani.

"Huyu mzee kwao ni wapi?"

"Umatumbini."

"Na wewe unafundisha somo gani?"

"Historia, mwalimu. Unajua."

"Darasa la sita sasa mko mada gani?"

Wiki ileile nilikuwa nimesimama mbele ya ubao nikiwafundisha watoto Vita vya Majimaji: jinsi watu wa milima ile na wa bonde la Rufiji walivyonyunyiziwa maji wakaambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji, na jinsi walivyokwenda. Nilikuwa nimefundisha mada hiyo kila mwaka tangu Mloka. Nilikuwa hata na mchoro wake. Mwalimu Mwanaidi alinirudishia zile karatasi bila kuzitia mhuri.

"Nenda kwake," akasema. "Kwake, si hapa."

Nilikwenda kwa baiskeli mchana uleule. Mzee Mkumba alinipokea kama mgeni, akanitandikia mkeka, akaniletea maji ya kunywa. Nilimwomba radhi na kumweleza kwamba yale yalikuwa maji ya bomba, hayakuwa na dawa yoyote. Nilidhani habari hiyo itampoza. Hakupoa.

"Mwalimu, hayo matupu ndiyo yaliyotuua sisi."

Akanieleza. Babu yake na ndugu zake wawili walitoka nyumbani wamelowa mabegani, wakiimba. Hakurudi hata mmoja. Bibi yake akabaki na watoto na njaa iliyofuata vita. Alipokuja kuwa mzee aliwakusanya wajukuu akawaapiza: asitokee mtu wa nyumba hii akanyunyiziwa maji aende kushindana na mwenzake, iwe vita, iwe ngoma, iwe mbio za watoto. Kwake haikuwa na maana maji yana mizizi ndani au hayana. Jambo lilikuwa mtu mzima anayejua kwamba maji ni maji tu, halafu anamnyunyizia mtoto na kumwambia nenda.

Maelezo yake yalikuwa yananieleza mimi.

Kisha mzee akasema kwa sauti ya chini, "Lakini na mimi nimekosa. Ningengoja mechi iishe. Wale watu wa mkoa wangemwona mwanangu. Hasira zangu ndizo zilizomharibia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilijua mteuzi alimwona, alimtaka, na nani aliyemzuia. Nikanywa maji yake, nikaaga.

Jumanne nilipanda basi mpaka mkoani. Nilimpata yule mama mteuzi, nikamwambia nilisema uongo kuhusu mtoto, nikamsihi arudishe jina. Alinisikiliza vizuri. Akanionyesha orodha imeshagongwa mhuri, nakala zimeshasambazwa, sare zimeshagawiwa kwa majina.

"Mwalimu, ungekuja hata jana asubuhi," akasema. "Mimi nafasi yake niliiacha wazi mpaka jana."

Jumatano nikamfuata Somoe, ambaye alikuwa hajaja shuleni tangu fainali. Nilimkuta bondeni anapalilia mpunga na wanawake wa kwao. Nikamwamkia mama mmoja, nikaomba kuongea na binti. Alikuja mpaka kwenye tuta, jembe mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi. Ijumaa ulitaka kuniambia kitu, sikukupa nafasi."

Akatikisa kichwa kukubali. Akauliza moja kwa moja, bila kunitazama, "Wale watu waliniona?"

"Walikuona. Robo moja iliwatosha. Mama mmoja alikuja kuniuliza jina lako ili aliandike."

"Ukamwambiaje?"

Nilimwambia nilivyomjibu, maneno yaleyale, bila kuyapunguza. Nikamwambia nilikwenda mkoani jana na nimechelewa kwa siku moja. Wanawake shambani walikuwa wameacha kupalilia.

Somoe alikwangua tope kwenye jembe kwa kidole gumba, polepole, mpaka chuma kikaonekana.

"Baba hali chakula tangu Jumamosi," akasema. "Anasema yeye ndiye aliyenitoa mkoani. Mama amemwambia si yeye, mimi nimemwambia si yeye, hasikii. Ulipokuja juzi ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Basi mimi nimeshasikia, mwalimu. Nenda kamwambie baba. Hivyohivyo ulivyoniambia."

Akarudi kwenye mpunga.

Vijana, najua mlitaka nimalizie kwa kusema kwamba mtoto yule alipata nafasi nyingine. Timu ya mkoa hakuichezea. Sekondari aliisoma kwa miguu, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, akaimaliza kwa ubishi wake mwenyewe, na mimi sina sehemu yoyote katika hilo. Kassimu aliacha kidumu mwaka uliofuata, baada ya mimi na yeye kukaa siku nzima tukiongea. Na tangu hapo sikuwahi tena kwenda kukagua upepo wa mipira wakati watoto wanapangwa mstari. Magomvi mengine mengi niliyamaliza baada ya lile, na niliyamaliza vizuri kuliko ya mwanzo. Lakini Jumatano ile nilikuwa na moja tu mkononi.

Nilivua viatu nikavuka tope, nikapanda baiskeli mpaka kwa Mzee Mkumba. Mkeka ulikuwa bado umetandikwa barazani, na sahani ya wali imefunikwa, haijaguswa. Yeye alikuwa ndani anaswali adhuhuri. Nilimsikia akileta takbira kwa sauti ya chini. Nikaegemeza baiskeli ukutani, nikakaa mlangoni pake, nikamngoja atoe salamu.